Nyumba ya Junda na Haki ya Mzee Kombo

Riziki mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, na kesho tutapeana tena kabla hujavuka feri, kwa hiyo hapa sizirudii. Haya ninayotaka kukwambia yamenikaa kooni tangu Jumapili, na kila nikifungua mdomo inatoka habari ya sufuria. Sasa umekwenda Mtongwe kumuaga shangazi yako, na namjua yule, hatakuachia kabla ya magharibi. Nimekaa jikoni, mlango nimeurudisha, na karatasi nimechana katikati ya daftari la mdogo wako ili asigundue upesi.

Barua utaikuta baina ya leso zako mbili mpya. Nimeibandika kwa ugali. Ukiikuta imebanduliwa, ujue si mimi. Simtaji mtu, lakini wageni wa arusi bado wamo humu ndani, na mgeni aliyekwisha kula hana kazi nyingine ila kutazama.

Sikuandikii mambo ya kupika wala ya kumtilia mume maji ya kuoga. Hayo unayajua, na usiyoyajua mtagombana na Omari mpaka myajue. Nakuandikia kwa lile neno ulilolisema Jumapili huku unamenya viazi. Ulisema, "Mama, nyumba ya Mikindani tumeipata, na udalali sitoi hata senti. Yule dalali aliyenionyesha nimemwambia haikunipendeza, kisha nikarudi peke yangu kwa mwenyewe. Kanipunguzia bei. Mwanafunzi wako mimi." Ukanitazama, ukingoja nikusifu. Mimi nikasema viazi umevikata vikubwa. Ukanuna siku nzima, na haki yako kununa.

Wewe na ndugu zako mmekua mkijua kwamba nyumba yetu ya Junda ililiwa na dalali, Mzee Kombo. Mmeisikia habari hiyo mara nyingi hata mnaweza kuisimulia bila mimi. Si kweli. Niliyeitunga ni mimi, na baba yako alijua kuwa naitunga, akanyamaza mpaka Mungu akamchukua. Nimeona nikuandikie lenyewe mapema, ili usisome barua nzima ukitafuta pa kunitetea.

Unanijua nilivyo. Nilizaliwa na shaka kama wengine wanavyozaliwa na chongo. Kule sokoni Changamwe nilikokuwa nikiuza nazi, wale wa malori waliniita Mama Tena, kwa sababu walipomaliza kuhesabu nilisema "tena", na walipomaliza tena nikatikisa moja moja sikioni. Sikuona aibu. Anayeuza nazi bila kuitikisa ataletewa ugomvi na mke wa mtu kesho yake. Basi nikadhani shaka ndiyo akili, na kwamba mwenye shaka nyingi kuliko wenzake haliwi.

Wakati ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulikuwa tumepanga vyumba viwili Changamwe, sisi wanne, na mdogo wako tumboni. Baba yako alikuwa bandarini, akiendesha winchi. Tulikuwa tumeweka akiba miaka minane, zake za likizo na zangu za nazi, na tukasema sasa tutafute nyumba. Watu wakatuambia, nendeni kwa Mzee Kombo wa Kisauni.

Madalali wa siku zile hawakuwa na ofisi wala karatasi. Mtu alikaa barazani kwake, na nyumba zinazouzwa zikamfikia masikioni. Akikuonyesha nyumba, hapo ameshaweka mkono wake. Ukiinunua wewe, leo au baada ya mwaka, udalali ni wake. Hakuna kuandikiana. Aliyekupeleka mlangoni ana haki yake, na kila mtu analijua hilo. Anayemruka dalali hasemwi kuwa kaiba, lakini watu wa mtaa hujua, na huweka kichwani.

Mzee Kombo alikuwa mwembamba, mikono ya kanzu ameikunja mpaka kwenye viwiko, anatembea haraka kuliko baba yako. Alituonyesha nyumba tatu. Ya kwanza akaipiga ukuta kwa kiganja, akasema, "Hii, mama, yanyonya maji. Mvua ya masika itakulaza baharini. Msiinunue." Baba yako alifurahi. Mimi nikajiambia, dalali anayetoa kasoro za nyumba hii anakusukuma kwenye ile anayokula zaidi. Niliona nimemgundua.

Ya tatu ndiyo ile ya Junda, ya Bwana Seif, aliyetufungulia mwenyewe. Vyumba vinne, ukumbi katikati, makuti juu, kisima nyuma. Moyo wangu uliingia mle kabla ya miguu. Mzee Kombo akatukalisha kizingitini, akatueleza mambo ya kiwanja. Nyumba ni ya Seif, alisema, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwenye shamba, anakaa mjini, na kila mwezi karani wake hupita kukusanya kodi ya kiwanja na kuandika risiti. Nyumba ikiuzwa, mnunuzi hupelekwa kwa mwenye shamba, anampa kitu kidogo cha ridhaa, na jina lake linaingia kitabuni mahali pa jina la kale.

"Nyumba ni ya yule aliye kwenye risiti," alisema. "Kuta hazina ushahidi. Na kazi ya kuwapeleka kwa mwenye shamba ni yangu, imo ndani ya udalali. N'takuwa shahidi wenu hata mbele ya kadhi."

Wewe ulikuwa na miaka saba, umelala mapajani mwa baba yako, hukusikia. Mimi nilisikia neno moja tu katika yote yale, udalali. Tulipokuwa tukirudi baba yako alisema, "Mtu mwema huyu." Nikamjibu kuwa wote ni wema kabla ya kulipwa.

Siku ya tatu yake nilirudi Junda peke yangu. Baba yako yuko kazini. Seif alinipokea kama aliyekuwa akiningoja, nadhani kweli alikuwa akiningoja. Chai ikaja, na kaimati. Akasema, "Mama Riziki, nimekutazama tangu juzi. Wewe si mtu wa kudanganywa."

Wallahi mwanangu, mpaka leo nalisikia sikioni neno lile. Mume alikuwa hajaniambia, mama yangu alikuwa hajaniambia, sokoni walinicheka. Huyu kaliona kwa siku moja.

Akaendelea, "Huyu Kombo anakula kwako na kwangu. Kazi yake nini? Kutembea. Tukimtoa katikati, mimi nakupunguzia, na wewe chako unabaki nacho. Na mwenye shamba naye usimwamshe. Akisikia nimeuza atataka fungu lake. Wewe lipa kodi ya kiwanja kwa jina langu kama kawaida. Risiti ni risiti."

Nikamuuliza, "Na sisi tutaandikiana nini?"

"Tutaandikiana, kwa nini tusiandikiane? Lakini neno kuuza tusiliweke, karatasi isije ikamwangukia karani mkononi. Tuandike tu nimepokea kwako kiasi fulani kwa ajili ya nyumba ya Junda. Sisi wenyewe twajua."

Shahidi akawa shemeji yake. Nikaisoma karatasi mara tatu. Nikahesabu maneno kama ninavyohesabu nazi, na hapakuwa na neno bovu hata moja. Sikujiuliza kuhusu neno lililokosekana.

Baba yako nilimwambia nimezungumza bei mwenyewe, akashangaa nilivyoipunguza. Siku tuliyolipa akatoa pesa nyingine pembeni, amezifunga kwenye kitambaa. Akasema, "Hizi mpelekee Mzee Kombo haki yake. Usimcheleweshe." Nikasema sawa. Nikaenda nazo dukani nikanunua mabati ya jikoni. Jioni akaniuliza, "Kasemaje?" Nikamwambia kashukuru sana, kakuombea dua, na la kwa mwenye shamba ataliangalia yeye. Uongo wa kwanza mkubwa kumwambia mume wangu ulihusu mabati.

Lakini nimeruka jambo, na ndilo linalonichoma zaidi. Kabla hatujahama, Mzee Kombo alikuja sokoni. Akasimama mbele ya meza yangu, akaniamkia vizuri, akauliza, "Ile nyumba ya Junda waionaje, Mama Riziki?"

Nikamwambia, "Haikunipendeza, mzee. Choo kiko karibu na kisima."

Na kweli choo kilikuwa karibu na kisima. Uongo unaokaa vizuri hupakwa ukweli kidogo, hilo unalijua maana Jumapili umeniambia na wewe ulimtajia dalali wako habari ya ngazi.

Akafikiri. Akasema, "Kweli hilo. Basi n'takutafutia nyingine, inshallah."

Akanitafutia, Riziki. Hapo sasa. Alikuja mara tano, kwa miguu kutoka kwenye kituo cha basi, kuniambia iko moja Mtopanga, iko moja karibu na msikiti. Kila mara nikamtolea kasoro ya nyumba ambayo sijaiona. Mara ya tano nilimwona kwa mbali nikainama nyuma ya magunia, nikamsikia akimuuliza jirani yangu kama nimeugua. Nilikaa pale chini mpaka magoti yakafa ganzi, na nilikuwa nacheka. Sikwambii nililia. Nilicheka.

Tulipokwisha kuhamia, kama mwezi hivi, akapita Junda kwa shughuli zake akanikuta barazani nachambua mchele. Hapakuwa na pa kukimbilia. Akasalimu, akasema, "Kumbe mmefika huku."

Nikasema, "Tumepanga tu, mzee. Tunamlipa Bwana Seif kodi."

Akatazama juu ya jiko, mabati yanang'aa. Hakuna mpangaji anayemnunulia mwenye nyumba mabati mapya, na yeye amefanya kazi hiyo umri wake wote. Akayatazama kidogo, akanitazama, akasema, "Mungu awape baraka," akaenda zake. Nikamwambia moyo wangu, umeona, hana la kufanya.

Miaka sita ile mnaikumbuka nyinyi kwa uzuri, na ilikuwa mizuri. Karani alipita kila mwezi, nikalipa, akaandika Seif, nikatia risiti kwenye kopo la maziwa. Hata moja sikupoteza. Nilizipanga kwa miezi, na mgeni akija nilikuwa nikimwonyesha lile kopo kwa fahari.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu Seif aliporudi kutoka Malindi, alikokuwa amehamia, na watu wawili wenye kamba ya kupimia. Ardhi ya Junda ilikuwa imeanza kutafutwa. Hakugombana. Alinywa maji yangu, akasema, "Mama, nimekuja kukwambia kwamba nyumba yangu naihitaji. Nakupa miezi mitatu utafute pengine pa kupanga."

Tukaenda kwa mzee wa mtaa. Watu walijaa barazani, mkeka mzima. Nikaambiwa nilete ushahidi, nikaleta kopo langu. Mzee wa mtaa akazifungua risiti, akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaacha kusoma. Zote zilisema Seif. Ile karatasi yetu Seif akasema ni kodi nilimlipa mbele, ya miaka, na shemeji yake akaapa hivyo hivyo. Nikatazama watu wote wale, nikajua ni mtu mmoja tu duniani anayejua kuwa nyumba ile ilikuwa ikiuzwa. Nikasema kwa sauti, "Muiteni Mzee Kombo." Niliomba mimi mwenyewe.

Akaja. Hakukawia, alikuwa ameacha chakula. Mzee wa mtaa akamuuliza anajua nini.

Akasema, "Nyumba hii Bwana Seif alinipa niiuze, na mimi nilimpeleka mama huyu na mumewe. Hilo naapa. Kisha mama akanambia haikumpendeza. Baadaye nikamkuta humo, akanambia wamepanga, wanamlipa Seif kodi. Mauziano mimi sikuyaona. Siwezi kuapia nisichokiona." Kisha akanigeukia. "Mama Riziki, kama hayo uliyonambia hayakuwa kweli, sema sasa. Mimi n'tasimama na wewe."

Alinifungulia mlango, mwanangu, mbele ya watu. Sijui kama nyumba ingeokoka. Huenda ingeokoka, huenda ningekuwa nimepoteza nyumba na uso pamoja. Lakini baba yako alikuwa amekaa mkono wangu wa kulia, na kusema nilidanganya ni kusema pia zile pesa za kitambaa zilikwenda wapi. Nikafungua mdomo nikasema, "Mzee huyu kahongwa na Seif."

Watu wa Kisauni walimjua Kombo tangu ujana wake. Na baba yako, maskini, akanitetea. Akainuka akasema, "Mzee, sisi tulikulipa udalali wako mpaka senti ya mwisho. Nilitoa kwa mkono wangu. Mbona unatufanyia hivi?"

Mzee Kombo akamtazama, akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Akasema polepole, "Juma, mimi na wewe hatuna neno." Lakini baba yako hakuwa mjinga, ila alikuwa mwema, na mara nyingi watu huchanganya. Nilimwona akielewa. Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua, akaivaa tena. Mpaka tunafika nyumbani hakusema kitu, na usiku wala kesho yake hakusema. Laiti angenipiga, ningepata la kumlaumu.

Ndipo tukaja huku Likoni kwa mjomba wako, chumba kimoja, na vyombo vikakaa nje kwa sababu havikuingia. Mkaniuliza kwa nini. Mlikuwa mmesimama mbele yangu wote watatu. Nikasema, "Dalali kala njama na Seif, katuuza." Baba yako alikuwa anafunga kitanda kwa kamba. Mikono ikasimama kidogo, kisha akaendelea kufunga. Nikajua ameamua kunibebea, na nikamwachia abebe.

Unaikumbuka siku ile pale feri? Ulikuwa na kumi na nne, mtandio mweupe wa shule. Tulikutana na Mzee Kombo ana fimbo sasa. Baba yako akakwambia, "Riziki, muamkie babu." Wewe ukanitazama mimi kwanza. Nikageuza uso nikatazama maji. Ukafunga mdomo. Shikamoo haikutoka, wewe uliyekuwa ukiwaamkia hata wendawazimu. Na yule mzee akasema, "Marahaba, mwanangu, marahaba," akakuitikia salamu ambayo hukuitoa, ili baba yako asiaibike. Nilikufundisha kumkosea adabu mtu aliyetudai sisi, na ukajifunza vizuri.

Alipokufa nilikwenda matangani. Nilisonga ugali, nikaosha masufuria mpaka wenye msiba wakanishukuru. Sikumwambia mtu. Nilitaka nimwambie binti yake, nikamwona ana watu wengi, nikasema siku nyingine. Siku hiyo sijaifikia.

Sasa usije ukadhani nakwambia uamini kila mtu. Mimi siwezi kusema hivyo, ulimi hautaki. Shuku, mwanangu. Lakini shaka yangu ilikuwa inatazama upande mmoja tu, na jicho lingine nimelifumba. Nilimshuku kila aliyenidai haki yake. Karani nilimshuku, mwenye shamba nilimshuku, dalali nilimshuku, kwa sababu kila mmoja alisema waziwazi anataka kiasi gani. Yule asiyetaka kitu, aliyenipa chai na kunipunguzia na kunisifu akili, huyo nilimfungulia mlango. Anayetaja bei yake unajua anachokitaka. Asiyetaja, jiulize anakula wapi.

Na ukitaka kupunguza udalali, punguza. Si dhambi. Baba yako mwenyewe angepatana. Lakini udalali unapatanwa kabla mlango haujafunguliwa, uso kwa uso, si baada ya kuuona ukumbi ukaupenda. Mwambie dalali, kiasi hiki ni kikubwa, nitakupa hiki, nusu tukikubaliana, na nusu jina langu likiingia kwenye karatasi. Mwambie muuzaji naye achangie. Hapo unamfunga dalali kwako mpaka mwisho, anakuwa anatafuta kasoro kwa faida yako, maana nusu yake iko mfukoni mwako. Mimi nilitaka kumtoa kabisa, na nilipomtoa nikabaki chumbani na Seif peke yangu.

Nimekuja kwenye jambo litakalokukasirisha. Juzi niliposema nakwenda sokoni kutafuta mchele wa wageni, sikwenda sokoni. Nilikwenda Mikindani.

Nilimtafuta dalali wako. Haikuwa kazi, nilimuuliza muuza maji wa kwanza. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya kinyozi, mtu wa bara, anaitwa Mutua, shati limeisha kola. Nilimshuku kabla sijaketi, sikufichi. Nikamwambia mimi ni mama yake yule binti anayefanya kazi ofisi za Airport, aliyekuja kutazama nyumba ya vyumba vitatu.

Akasema, "Ah, mama, huyo msichana yako aliniambia hiyo nyumba hakupenda. Anasema ngazi ni mbaya. Mimi naendelea kumtafutia ingine. Kuna moja nataka nimuonyeshe wiki hii."

Riziki, nilishika benchi. Anaendelea kukutafutia nyingine. Nilimwona Mzee Kombo anakuja kwa miguu kutoka kituo cha basi.

Nikamwambia kweli yote. Kwamba umerudi kwa mwenye nyumba, na kwamba Jumatatu mnampa pesa. Nilingoja atukane. Akasugua uso kwa viganja viwili, nami nikamuuliza, nyumba yenyewe ikoje, ina neno?

"Nyumba haina shida," akasema. "Mwenyewe ni mtu mzuri. Lakini kiwanja kiko kwa jina ya marehemu baba yake, na wako ndugu watatu. Wawili nawajua, wamekubali. Mmoja yuko Voi. Huyo lazima aweke sahihi. Msichana yako alikuambia?"

Hukuniambia, kwa hiyo nadhani hukuambiwa. Sasa mimi nitakwambia ukweli wangu wote. Sijui kama Mutua alisema kweli. Labda ndugu wa Voi yupo, labda amemzaa pale pale kwenye benchi ili nirudi nimekimbia na wewe urudi kwake. Nimeligeuza jambo hili siku mbili, nimelitikisa sikioni, sisikii kitu. Hayo ndiyo niliyoyapata Junda. Nilianza nikiwashuku madalali, nikamaliza simjui mkweli hata akinijia na ndugu wa Voi mkononi. Sitaki urithi hilo. Wewe una miaka ishirini na mbili, bado unaweza kumtazama mtu usoni ukamuuliza, na akikujibu ukasikia.

Nilifungua leso nikamtolea pesa, nikamwambia hizi ni za usumbufu, kwa niaba ya mwanangu. Akairudisha leso yangu, hakugusa kitu.

"Mama, mimi sikuonyesha wewe nyumba," akasema. "Nilionyesha msichana yako. Yeye ndiye tutaongea."

Nikamwambia utakuja Jumamosi, saa nne, wewe na Omari. Akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Hata yeye aliniambia atarudi."

Nikaapa, Riziki. Nilisimama mbele ya kinyozi na wateja wake, mama mtu mzima, nikaapa kwa jina la Mungu kwamba mwanangu atakuja. Kasirika njiani, nitukane kwa Omari, useme nimekuingilia nyumba kabla hujaingia. Yote nastahili. Lakini Jumamosi nenda. Nilimdanganya dalali mmoja akafa. Usinifanye nimdanganye na wa pili.

Mama yako,
Mwanamisi